Sikuomba Msamaha kwa Ajili ya Mwanangu

Mama mkwe wangu aliniwekea jani la isale mkononi mbele ya ukoo mzima, siku tuliyochinja mbuzi wa Desemba. Nikalirudisha. Sikulitupa, maana na mimi nimezaliwa huku huku mlimani na najua isale halitupwi. Nililiweka mezani kando ya sahani ya nyama, nikasema, "Mama, mimi sijamkosea mtu."

Ndugu zangu mliotoka mikoa mingine, nawaambia mwelewe uzito wake. Kwetu Uchagani ukimpelekea mtu isale umekiri kosa lako, na yeye hana ruhusa ya kukunyima msamaha. Ni desturi nzuri, imemaliza ugomvi mwingi wa mipaka ya vihamba, mashamba yetu ya migomba. Ila mimi nilikuwa natakiwa niombe msamaha kwa sababu mtoto wangu ana usonji. Nisimame mbele ya wazee nitaje nilichokula, nilichomeza na nilichofanya nikiwa na mimba yake, mpaka akatoka hivyo. Uvumilivu wangu uliishia hapo.

Baba mkubwa wa mume wangu akaweka chini kikombe chake cha mbege, pombe yetu ya ndizi. "Huyu binti anajibu wakubwa."

"Nimejibu, baba. Na shikamoo nilishawapa asubuhi."

Mume wangu alikuwa anaangalia nyama yake. Nikamchukua mwanangu, tukaingia chumbani, nikafunga mlango.

Nirudi mwanzo, msije mkaniona mkorofi tu. Mkorofi ni kweli, lakini nina sababu.

Nilimaliza kidato cha nne, nikaolewa na kijana anayepandisha wageni mlimani. Tunakaa kwenye kihamba cha baba yake, juu ya Bomang'ombe, nyumba moja na mama mkwe. Mtoto alitembea mapema, tukafurahi. Alikuwa na maneno yake mawili matatu, halafu yakapotea. Ukimwita hageuki, unadhani hasikii, lakini bomba likifunguliwa kule kwa jirani anakimbia kwenda kuangalia maji. Anazungusha mfuniko wa sufuria asubuhi nzima. Ukimwimbia analia.

Basi kila aliyepita pale nyumbani alikuwa na sababu yake mkononi. Jirani akasema ni simu. Mwalimu wa watoto kanisani akasema ni ile mbege niliyoonja nikiwa na mimba, siku ya ubarikio, yaani kipaimara, wa shemeji yangu. Shangazi akasema kuna kaburi la ukoo halikujengewa vizuri. Wifi yangu anayeishi Dar ndiye aliyekuja na kubwa kuliko zote.

"Wifi, si kwa ubaya," akaniambia, "ila mbona zamani watoto hawa hawakuwepo? Siku hizi kila mtaa wamo. Jiulize."

"Nimejiuliza."

"Ulimpeleka chanjo zote?"

"Zote."

"Na ulipokuwa na mimba ulimeza panadol?"

"Nilikuwa na homa. Nesi ndiye aliyenipa."

"Umeona sasa."

Sikuona kitu. Ila naomba niwaulize, maana wengi hapa ni kina mama: kuna mtu aliyewahi kumuuliza baba wa mtoto wako alikula nini? Mume wangu hakuulizwa. Wala yeye hakujiuliza. Anaongea na wageni siku nzima huko juu, akishuka nyumbani maneno yameshaisha. Analala, anasafisha viatu, anapandisha wengine.

Nikabaki na mtoto. Jumuiya yetu ya mtaa husali nyumba kwa nyumba, kwa zamu. Zamu yetu ilipofika nilifagia uwanja, nikaazima viti, nikachemsha chai sufuria ile kubwa ya msibani. Hawakuja. Baadaye mwenyekiti akanieleza, kwa upole kabisa, "Mama, tumeona tusikusumbue. Wewe una mzigo wako tayari." Walikuwa wameenda kusali nyumba inayofuata. Nyimbo zilinifikia kupitia migombani. Mwanangu aliziba masikio akakaa chini ya meza, nami nikakaa naye chini, sote wawili na chai ya watu wengi ikipoa. Sijawahi kuwa peke yangu kama siku ile, na nyumba za watu zimenizunguka kila upande.

Nikawa naogopa kutoka. Sokoni naenda, nauza ndizi zangu, narudi kichwa chini. Kanisani nikaacha kwenda. Nikishika simu ni kusoma tu: sababu hii, sababu ile, mpaka nikaogopa kila kitu nilichowahi kuweka mdomoni. Ndugu zangu, nawaambia ukweli, nilianza kuamini kwamba ni mimi. Nilikuwa namwangalia mwanangu akizungusha ule mfuniko, najiambia nimemharibu. Hakuna niliyemwambia. Ningemwambia nani? Wote walishakubaliana hivyo kabla yangu.

Desemba watu wote wakapanda kutoka Dar na Arusha, kama kawaida yetu. Wifi akaja na habari ya mtu mwenye duka la virutubisho mjini. Huyo bwana anavaa koti jeupe, anajiita dokta. Yeye na mama mkwe walikuwa wameshaenda kwake bila mimi. Akawaambia sumu ya chanjo, na ya ile panadol niliyomeza, bado iko kwenye damu ya mtoto, na ana matone ya kuitoa. Lakini dawa haishiki, akasema, mpaka mama asafishe moyo wake kwanza kwa wenye mtoto, yaani ukoo wa baba. Desturi zetu anazijua vizuri, maana isale alilitaja mwenyewe. Mimi sikujua lolote mpaka lile jani lilipotua kwenye kiganja changu.

Baada ya kukataa, nilitengwa ndani ya nyumba ile ile. Wanawake wa ukoo wanapika kiburu cha ndizi na maharage jikoni wanacheka, nikiingia wananigeuzia migongo. Mume wangu akapandisha wageni wa sikukuu. Wifi akarudi Dar, na chupa ya yale matone akamwachia mama mkwe bila kuniambia.

Siku ya soko nilishuka Bomang'ombe na ndizi, mtoto nikamwacha na bibi yake. Niliporudi nilimkuta amejikunja sakafuni, anatapika, midomo imevimba. Halii. Mtoto wangu akiumia hupiga kelele mpaka ng'ombe wanashtuka, na sasa yuko kimya. Kando ya kikombe cha maziwa kulikuwa na chupa ndogo ya kahawia. Nikainusa. Ilinuka kama dawa ya kung'arishia nguo nyeupe.

"Mama, umempa nini?"

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono mapajani. "Dawa," akasema. "Nilitaka aseme. Nilitaka aniite bibi kabla sijafa."

Nilikuwa na maneno mengi ya kumjibu. Sikuwa na muda. Nilimfunga mtoto mgongoni, nikaita bodaboda, na kabla hatujaondoka yule mama akapanda nyuma yangu, na kandambili zake za jikoni, bila hata kufunga mlango.

Hospitali walimwekea dripu. Daktari alikuwa mwanamke, mtu mzima. Aliinusa ile chupa akarudisha mkono haraka. "Hii," akasema, "wodini hatupigii deki bila glavu."

Mtoto alipotulia, akatuita pembeni. Akauliza mambo ya mimba, ya kuzaliwa, akaandika. Halafu akauliza kama kwenye ukoo, upande wowote, kuliwahi kuwa na mtu aliyechelewa kuongea, au asiyependa watu, mwenye mambo yake. Nikasema kwetu sijasikia. Nikadhani tumemaliza.

"Alikuwepo," mama mkwe akasema.

Nikageuka. Alikuwa anaangalia kandambili zake.

"Shemeji yangu. Mdogo wa baba yao. Nilipoolewa nilimkuta anakaa kule nyuma ya zizi. Haongei, isipokuwa majina ya ng'ombe. Alikuwa anakata majani, anayalaza yote upande mmoja, ukiyachanganya analia, mwanaume mzima. Tulikuwa tunamwita mjinga wa migombani. Alipokufa hatukumtaja tena."

"Mama," nikamuuliza, "huyo alichanjwa?"

"Chanjo ipi, mwanangu. Hata barabara haikuwepo."

Daktari akaweka kalamu chini. Akatueleza, na nitasema kama nilivyoelewa. Hakuna sababu moja ya usonji. Sehemu kubwa ni ya kurithi, na inaweza kutoka pande zote mbili. Kuna mambo ya wakati wa mimba na kuzaliwa ambayo wataalamu bado wanayachunguza. Chanjo zimechunguzwa sana, nchi nyingi, na hazihusiki. Panadol niliyopewa na nesi haijathibitishwa kuleta usonji, na homa kali ya mjamzito ukiiacha bila dawa nayo ni hatari. Nikamuuliza lile swali la wifi: mbona wamekuwa wengi? Akasema kwa kiasi kikubwa ni kwa sababu sasa tunawatambua. Zamani huyu aliitwa mjinga, yule bubu, yule ana mapepo, wakawekwa nyuma ya nyumba. Leo wanapimwa na kuandikwa. "Kama kuna kingine kinachowaongeza kidogo, siwezi kukuapia hakipo," akasema. "Lakini sumu ya chanjo haimo kwenye damu ya mtoto huyu, na wala hakuna chupa ya kuitoa."

Pale pale kwenye benchi nilitamani nirudi nikausimamishe ukoo mzima niwaambie, ni damu yenu, nileteeni isale mimi. Nimekaa na sentensi hiyo mdomoni siku nyingi. Sikuisema, na si kwa upole. Nikiisema nitakuwa nimekubali kwamba mtoto wangu ni kosa, na tunachobishania ni kosa la nani tu. Mwanangu si kosa la mtu.

Hilo ndilo lililoniinua. Haikuwa furaha, ilikuwa hasira iliyopata mahali pa kukaa.

Yule daktari ndiye aliyenielekeza kwenu, kwenye kikundi hiki cha wazazi wa watoto kama wangu. Siku ya kwanza nilikaa pale karibu na mlango, tayari kuondoka. Mama mmoja hapa, hatumtaji, akasimulia jinsi binti yake alivyomng'ata mchungaji wakati wa kubarikiwa, mkacheka wote, na mimi nikacheka, halafu nikalia. Kwa hayo nawashukuru. Namshukuru daktari. Namshukuru hata mama mkwe, najua mnanishangaa. Hajaniomba radhi kwa maneno. Lakini Pasaka, ukoo ulipokutana, alisimama yeye mwenyewe mbele ya baba mkubwa akamtaja yule shemeji yake kwa jina lake la ubatizo. Mume wangu ameanza kuuliza maswali. Mawili, matatu, akishuka. Mtoto haongei bado. Ananishika mkono ananipeleka kwenye maji.

Msidhani mambo yote yamekaa sawa. Zamu yetu jumuiyani bado inarukwa. Bado nasikia nyimbo kupitia migombani.

Ninachowaachia ni hiki. Mtu akikuuliza kwa nini mtoto wako yuko hivyo, "hatujui yote" ni jibu kamili, usione aibu kulitoa. Na akija anayejua yote, mwangalie mfukoni, ana kitu anauza. Halafu usimalizie hasira yako kwa wa nyumbani. Mimi yangu niliipeleka wilayani, kama lalamiko la maandishi. Karani alitaka kuliweka kama suala la kifamilia. Nikamwambia familia nitamalizana nayo mwenyewe, hili ni la duka. Mama mkwe akaweka dole gumba kama shahidi, chini ya jina langu. Nimekuja na nakala, nawasomea kama ilivyopokelewa na kugongwa muhuri:

"Mimi ni mama mzazi wa mtoto wa kiume mwenye usonji. Namlalamikia mwenye duka la virutubisho aliyetajwa hapo juu. Alijitambulisha kwa familia yangu kuwa daktari bila kuonyesha cheti. Bila kumwona mtoto, alisema anaumwa kwa sababu ya chanjo na dawa niliyomeza nikiwa mjamzito. Aliuza matone yasiyo na jina la mtengenezaji, mtoto akanyweshwa, akatapika, akalazwa. Kwa maneno yake, ndugu mmoja katika familia yetu ameacha kumpeleka mwanawe mchanga chanjo mpaka leo. Chupa nimeileta, yaliyobaki yamo. Naomba yapimwe. Naomba azuiwe kuuza dawa hii kwa mzazi mwingine yeyote. Naomba nijibiwe kwa maandishi. Sidai fidia. Aliyenyweshwa hawezi kusema alivyoumia, kwa hiyo nimesema mimi, na nitarudi hapa kuuliza mpaka nijibiwe."