Tundu la Nne

Benchi letu liko kwenye kona, mgongo umeegemea ukuta wa lile jumba la kale. Miaka yote tulijua ukuta tu. Jana Mama Majani, mtunza bustani, alituona tukichungulia getini akatukaribisha: Soli fundi viatu, Mawimbi fundi redio, Buli muuza kahawa, na mimi. Alitutembeza saa nzima, vyumba vyenye sakafu ya mbao, bwawa, hadi kona ya nyasi ndefu waliyoachiwa ndege. Kisha akatueleza kuhusu ukuta. Aliyeujenga aliacha matundu manne chini, ili mvua zikianza vyura watoke kwenye mtaro wa barabarani waende bwawani kutaga. Matatu bado yanapitisha vyura. La nne, upande wa barabara, halijapitisha hata mmoja kwa miaka kumi na moja, ingawa kwa ndani hulisafisha kila msimu. Mwisho wa mwezi Mama Majani anastaafu. "Nikimwona mmoja tu akitokea pale, nitaondoka na moyo mweupe," alisema. Basi leo kijiwe kizima kilikuwa na kazi moja.

Buli: Yule mama katupa maji ya kunywa, katupa na viti. Na sisi tumeenda mikono mitupu.

Mawimbi: Ndiyo maana nasema tumtafutie sababu. Hiyo itakuwa zawadi yetu. Mimi naona ni magari. Ardhi inatetemeka, chura anapotea njia.

Soli: Magari yanapita pande zote, ndugu yangu. Mbona matundu mengine yanapitisha?

Mawimbi: Haya, tupe yako.

Soli: Vyura wana wakubwa wao. Wamekaa kikao, wamesema njia ile ifungwe.

Buli: Wamekaa wapi?

Soli: Mtaroni. We hujawasikia usiku wanavyobishana?

Buli: Nimewasikia. Wanakuzidi wewe kwa hoja.

Mawimbi: Au ni kahawa yako, Buli. Masalia unayamwaga mtaroni. Chura akinywa halali, na asiyelala hana hamu ya kuoa.

Buli: Kahawa yangu umeinywa miaka ishirini, na una watoto saba.

Tulicheka hadi Mawimbi akafuta macho. Soli hakukubali kushindwa. Alisogea kwenye ncha ya benchi, mahali pake pa siku zote, akanyoosha kidole.

Soli: Sikilizeni. Aliyejenga jumba alikuwa na siri. Tundu la nne haliendi bwawani. Linashuka chini kwa chini mpaka mji wa pili. Vyura wetu wako huko, wananenepa.

Mawimbi: Tutamwambia Mama Majani hivyo?

Soli: Tumwambie kwa upole.

Wakati huo mshonaji aliyehamia juzi ng'ambo ya barabara alikuja kuomba kahawa.

— Habari za hapa, kaka zangu.

— Nzuri, dada. Karibu.

Alipopokea kikombe, uzi wake ulianguka ukaviringika chini ya benchi. Akainama. Akakaa ameinama muda kidogo.

— Samahanini, mimi mgeni. Hili tofali lililoshikilia mguu wa benchi, mbona limesukumwa ndani ya tundu la ukuta?

Buli alitazama birika. Mawimbi alitazama mbinguni. Mimi nilihesabu miaka kwa vidole, nikaishia kumi na moja.

— Benchi lilikuwa linayumba, Soli alisema taratibu. Nikaona pale lingekaa vizuri.

— Na limekaa vizuri, Mawimbi akamwambia, na safari hii hakuwa anamtania. Tumelikalia sote.

Tukasimama. Soli alipiga magoti, akalitikisa tofali hadi likatoka. Benchi likalala upande. Kutoka tunduni ilikuja harufu ya majani mabichi na maji.

Buli: Dada, asante. Kahawa ya leo hulipi.

Soli alilifuta tofali kwa aproni yake kama kiatu cha mteja, akalikumbatia.

— Nampelekea Mama Majani mimi mwenyewe, alisema. Nimwombe radhi, halafu nimshukuru.

Tulimtazama akienda getini. Kikombe cha Soli, Buli alikifunika kwa kisahani kisipoe, na sisi vyetu tukavinywa tumesimama, mbali kidogo na ukuta, tukiacha njia.