Njau Kagwe, Aliyeshika Kamba ya Farasi

Wafiwa wenzangu, mimi ni Wamboi, dada mdogo wa marehemu, kamati imenipa dakika tano, na karatasi hii nimeiandika mara tatu, nimechoka, kwa hivyo nitaisoma ilivyo.

Marehemu Festus Njau Kagwe alizaliwa tarehe 14 Machi 1970 huko Makongeni, Thika, kifungua mimba wa marehemu Mzee Kagwe, akasoma hapo hapo hadi darasa la nane mwaka wa 1985, na mwaka wa 1988 akaajiriwa kutunza farasi wa mashindano katika shamba moja nje ya Ruiru, kazi ambayo baba yetu hakuipenda hata siku moja.

Tarehe 12 Desemba 1998 alifunga ndoa na Benta mjini Ruiru, wakajaliwa Austine mwaka wa 1999 na Becky tarehe 6 Agosti 2003. Becky alizaliwa na mtindio wa ubongo, akafika miaka minne hajaweza kuketi bila kushikiliwa, nami nikamzungusha kwenye kila mkutano wa maombi Thika hii, huku Njau akimpeleka kwa farasi. Siku ya kwanza nilimkuta amemweka mtoto mgongoni mwa farasi juu ya blanketi, yeye ameshika kamba mbele, Benta na Austine wameshika miguu huku na huku, wakizunguka pole pole, nikapiga kelele kwamba anataka kuua mtoto.

Alinieleza bila hasira kwamba farasi akitembea, mgongo wake hukisukuma kiuno cha mtoto kana kwamba anatembea mwenyewe, mwili ukajifunza kujishikilia. Hakuwahi kusema ni muujiza, Becky hatembei mpaka leo, lakini baada ya miezi kumi na minne aliketi mezani na kushika kijiko, nami nikaenda jikoni nikalia.

Mwaka wa 2014 mwajiri wake alimpa Malkia, farasi jike aliyeacha mbio, akamweka kwenye ploti yake ya Murera, wakaanza kuja watoto wenye hali kama ya Becky kutoka Mwihoko na Kamakis kila Jumamosi, pamoja na Maluki, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Watu wazima nao walikuja, kama Bwana Owino, fundi wa mawe aliyepooza mkono, ambaye hakupanda kamwe, alimpiga Malkia brashi tu kila wiki mpaka vidole vikaanza kufunguka. Sheria ya Njau ilikuwa moja, hapandi mtu kabla hajanyoosha mkono na kumsalimia farasi, hata kama itachukua asubuhi nzima na wazazi wananung'unika.

Septemba 2024 alianza kukohoa, madaktari wakakuta saratani ya mapafu, akaendelea kushika kamba hadi Pasaka, na tarehe 3 Juni 2025, alfajiri, akatuacha katika hospitali mjini Thika.

Linalofuata haliko kwenye programu. Jumapili familia iliamua Malkia apelekwe Nanyuki kwa kuwa hakuna wa kumwongoza, na wazo hilo lilikuwa langu, kwa sababu tangu utotoni naogopa farasi. Jana Becky akaniuliza mimi shangazi yake, "Tata, Jumamosi nani atashika kamba?" Leo asubuhi nimeingia zizini, nikanyoosha mkono, nikangoja karibu saa nzima kabla Malkia hajauwekea pua yake.

Malkia haendi popote. Maluki amekubali kunifundisha, keshokutwa saa tatu nitakuwa pale, na nahitaji watu wawili wa kushika miguu ya watoto, mnione tukitoka kaburini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Murera mliomlisha Malkia tukiwa hospitalini, na wafanyakazi wenzake mliobeba jeneza leo. Njau, ndugu yangu, umesimama mbele ya farasi miaka mingi, sasa lala utulie, kamba niachie mimi.