Albert Kalunga, Aliyeitwa kwa Jina la Makao ya Wafu

Tangu juzi tunalitaja jina lake, na bado hatuamini kwamba leo tunalisoma kando ya jeneza. Albert Kalunga alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Luena, mwana wa Ngoie, mfanyakazi wa reli, na mama Dorothée. Alirithi jina la babu yake. Katika Kiluba, Kalunga ni mahali wanapokwenda waliokufa.

Alisoma shule ya msingi kwa mapadri huko Luena, kisha akaja Kamina, ambako alipata diploma ya ualimu mwaka 1981. Hapa alifundisha, na parokiani akawa katekista. Wenzake walimshauri abaki Albert tu, wakisema Kalunga ni neno la wapagani. Alikataa. Aliwaeleza kwamba wazee hawakumaanisha kaburi wala moto. Walisema marehemu «amefika Kalunga» kama vile msafiri anavyofika kwa ndugu zake.

Alipomposa Émerence, bibi wa binti huyo aliwauliza wajumbe wa posa: «Munataka nipeleke mutoto yangu Kalunga, na iko muzima?» Watu wote walicheka isipokuwa bibi mwenyewe. Ilibidi wajumbe warudi tena. Ndoa ilifungwa tarehe 9 Julai 1988.

Mwaka jana Tshiala, mke wa askari wa pale base, kambi ya jeshi, alifiwa na mtoto. Alimwuliza Albert: «Mwalimu, mutoto yangu iko wapi?»

«Mama, jina ya kule najua,» Albert alimjibu. «Lakini minyi bado siyafika.» Akaketi naye mkekani mpaka jioni.

Ugonjwa hatuna wa kusimulia. Jumamosi, tarehe 2 Agosti 2025, alitoka nyumbani kwa miguu kwenda kufundisha katekisimu. Alikuwa akieleza uzima wa milele alipojishika kifua na kuketi. Alikata roho njiani kwenda hospitali. Binti yake Lydie alipoleta habari, Émerence alikuwa akisonga bukari, ugali wetu.

«Papa yako alitoka muzima,» alisema. «Alinambia nimungoje, tukule pamoja.» Akaendelea kusonga. Hakuna aliyethubutu kumpokonya mwiko.

Asubuhi hii, jeneza lilipofungwa, mzee mmoja wa ukoo alianza kusema kwamba Albert amefika. Émerence alimshika mkono.

«Ngoja kwanza, baba. Minyi siyamuaga.»

Tukangoja. Aliinama, akamwambia mumewe maneno ambayo hatukuyasikia, kisha akamruhusu mzee aendelee.

Ameacha mjane Émerence, watoto Lydie, Fils na Gracia, pamoja na wajukuu. Mungu ampokee, ampumzishe katika amani yake.