Kilima cha Mkalitusi Mmoja

Benchi letu liko hapa Bunia, upande wa mto Shari, mbele ya nyumba ya Mama Pétronille anayetuuzia kahawa, pale pale magari ya Kpandroma yanapopakia watu na magunia asubuhi. Mvua ikikatika, ukikaa ncha ya kulia unaiona milima ya Djugu. Alhamisi ile ya mwaka 1984 ncha ya kulia alikaa Augustin, tunayemwita Monitère kwa sababu alikuwa moniteur, yaani bwana shamba, huko juu miaka kumi na saba. Mfukoni alikuwa na barua kutoka huko: Mwenye shamba jipya la ng'ombe anakata miti yote na kulima, na kila familia yenye kaburi ije ilionyeshe kabla ya Jumamosi, liachwe. Mama yake Monitère amelala kwenye kimoja cha vilima vile. Kipi, hajui. Mama alipozikwa, Monitère alikuwa na miaka minne, kisha baba yake akahamia naye Bunia.

— Panda gari, Monitère. Ukifika utaona tu, alisema Mathieu. Huyu alikuwa dereva. Tunamwita Frein, kwa kuwa breki zilimkatikia mara mbili na bado anakunywa kahawa.

— Nitaona nini? Baba alinionyeshaka toka mu barabara: "Mama yako iko pale, ku kilima ya kalitusi moya." Wakati ile milima yote ilikuwa majani tupu. Padiri ndiye alimupa baba ile muti, akaipanda ku kaburi.

— Basi tafuta kalitusi.

— Frein, weye ulipita ile barabara miaka makumi mbili. Kuko kalitusi ngapi?

Frein akakohoa. Sisi sote tunajua ni nani aliyeijaza milima ile mikalitusi. Ni Monitère mwenyewe, na baiskeli yake na kitabu chake: kila nyumba miti hamsini, asiyepanda analala cachot, mahabusu. Zamani tulimcheka sana kwa hilo. Siku ile nilijuta kucheka kwangu.

— Milima haikutanake, alisema mwenzetu Kule, tunayemwita Profesa kwa kuwa alifundisha darasa la pili miezi mitatu mizima. Maana yake mulima haitembeake. Kaburi iko palepale.

— Profesa, mezali ile haisemi vile, nikamwambia.

— Inatembea! alisema Frein. Mu mwaka ya 68 nililala na camion chini ya kilima, iko ku gauche, kushoto. Asubuhi naamuka, iko ku droite, kulia.

— Ulikuwa umelewa, nikasema.

— Kidogo. Lakini kilima nayo ilikunywa mvua muingi.

— Sikia dawa, alisema Profesa. Achilia mbuzi. Mbuzi haikulake majani ya kaburi. Pale itakataa kula, weka musalaba.

— Mbuzi ya kule inakula hata kofia! alisema Frein.

— Ndiyo sababu wazee walisema kidole moya haivunjake chawa. Apeleke mbuzi mbili.

Monitère hakucheka. Alikuwa akizungusha kikombe mikononi.

— Kila siku nilipita pale na velo, ile baiskeli yangu, alisema. Naona ile muti, naisalimia, naendelea na kazi. Sikupandaka kilima hata siku moya. Shangazi aliniita kila Noeli, "Kuya nikuonyeshe." Nilimujibu, kazi ikiisha. Kisha miti yangu ikakuwa mirefu. Asubuhi moya naangalia, yake siiyone tena. Na shangazi amekufa. Hakuna mutu alinificha mama. Ni miye.



Mwisho wa benchi alikuwa amekaa mama mmoja, Anastasie, anayengoja gari la Kpandroma na kapu lake la chumvi na sabuni. Alikuwa amesikia yote.

— Muzee, miye ni muzaliwa wa kule. Kalitusi nilizikuta zimejaa, lakini nilichunga mbuzi ku milima ile yote, na mpaka leo natafutaka kuni pale. Makaburi ya zamani nayajua, kila kilima na yake. Tuende pamoja, nitakusimamisha pale pale.

— Mugeni kuya, mwenyeji apone! Profesa aliruka. Kwa mara ya kwanza methali yake ilikaa mahali pake.

— Niambie tu, muzee. Kilima inaitwa nani?

Monitère akatoa kitabu chake cha zamani, akalamba kidole, akafunua.

— Kutoka ku pont, ku daraja, numéro six. Ao sept. Siye tuliandikaka numéro, jina hapana.

— Numéro siijui, vilima ya kule haihesabikake. Mama yako alikuwa anaiita namna gani?

Profesa alinitazama, nami nikamtazama Frein, aliyepita pale miaka ishirini bila kuuliza jina la kilima. Mama Pétronille aliinua birika, akakuta imebaki machicha tu, akairudisha chini. Dereva wa gari la Kpandroma akapiga honi.

Monitère aliacha kitabu juu ya benchi, akambebea Anastasie kapu, wakapanda.

— Unitajie majina ya vilima yote, tulimsikia akimwambia. Polepole. Labda moya nitaisikia kama ile ya mama.

Gari likaondoka. Mpaka linakata kona tulimwona Anastasie akitaja, na Monitère ameinama kando yake, anatikisa kichwa kwamba siyo, anatikisa kichwa tena.