Priscille Kisembo, Aliyehesabu Madoa ya Ubongo Wake

Ndugu na majirani mliokuja kutushika mkono, huyu ndiye dada yetu tunayemsindikiza leo.

Priscille Kisembo alizaliwa Bogoro tarehe 14 Machi 1988, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Osée Kisembo na Mama Adèle. Mama anasema hata kunyonya alinyonya akitaka kushuka.

Alianza shule Bogoro. Vita vilipofika mwaka 2003, familia ilikimbilia Bunia, ikajenga mtaa wa Nyakasanza. Alipata diploma ya serikali mwaka 2007, akasomea informatique, elimu ya kompyuta, Kampala hadi 2012, kisha akarudi kutunza ordinateur, yaani kompyuta, za hospitali moja mjini Bunia.

Tarehe 18 Julai 2015 alifunga ndoa na Marcellin Kule, mwalimu wa hesabu. Mikro ilizimika katikati ya hotuba. Bibi arusi akainuka, akapiga magoti nyuma ya spika na gauni lake jeupe, akarudi kukaa sauti ikiwa imerudi na magoti yamejaa vumbi.

Mwaka 2018 jicho lake moja liliingia ukungu, mguu wa kushoto ukafa ganzi. Kampala walimpiga picha za ubongo, zile za IRM, wakaona madoa meupe. Ugonjwa ulikuwa sclérose en plaques: kinga ya mwili inageuka kuishambulia mishipa ya fahamu. Kila mwaka alirudi kupigwa picha, na kila mwaka madoa yalihesabiwa kwa macho tu. Hilo lilimnyima raha. Alijaribu programu zilizotengenezwa ng'ambo, lakini zilichanganyikiwa na picha za mashine ya zamani ya Kampala. Akaanza kuandika ya kwake, ya kuzungushia kila doa mstari, kulipima, na kulilinganisha na la mwaka uliopita.

Machi 2022 aliambiwa hakuna kilichobadilika. Programu yake ilionyesha madoa mapya tisa. Alipanda gari kurudi Kampala kwa daktari wake, Daktari Charlotte, mwana wa Ituri anayefanya kazi huko.

“Mama Plamedie,” daktari alimwita kwa jina la mtoto wake, “weye uko mugonjwa, hauko daktari.”

“Njo maana niko nahesabu. Kichwa iko yangu.”

Daktari akamvutia kiti. “Kaa. Tuhesabu siye wawili.”

Saba yalikuwa kweli. Mawili yalikuwa mishipa ya damu. Dawa ikabadilishwa. Daktari akasoma upya kwa programu hiyo picha za wagonjwa wengine kumi na wanne waliokubali, na wanne wakabadilishiwa dawa. Sisi tulishangilia. Priscille alikuwa amekunja uso.

“Mutu mwingine anaweza kunywa dawa bila sababu juu ya ile makosa mbili,” alimwambia Marcellin, akafungua ordinateur.

Kwake mwenyewe dawa mpya ilichelewa. Mwaka 2024 aliingia kiti cha magurudumu, macho yakapungua. Marcellin akawa anamsomea mistari ya programu kwa sauti. “Hapana,” Priscille alisema, “anza tena.” Kosa la yale mawili walilipata mwezi wa Aprili mwaka huu, na Daktari Charlotte akalithibitisha kwa simu.

Homa ya mapafu ilimchukua Bunia tarehe 9 Juni 2025, saa kumi alasiri, akiwa na miaka 37. Asubuhi yake alikuwa ameuliza kwa nini madoa madogo ya shina la ubongo bado yanaipotea programu. Marcellin ameanza kujifunza kuandika programu, ayatafute.

Ameacha mume, watoto wawili, Plamedie na Aimé, mama yake, na ndugu watatu.

Mungu ampe utulivu ambao hapa duniani hakuuomba. Apumzike sasa, kwa amani.