Cleopa Kalfati, Aliyeishi na Jina Lisilo na Wenzake

Baba Padre, wazee wangu wote shikamooni, na nyinyi waombolezaji mliotoka hapa Lipingo, Mbamba Bay, Mbinga na kule milimani, poleni. Mimi ni Bartholomayo, shemeji wa marehemu, kaka wa mjane, na nimepewa kazi hii ya kusoma kwa sababu katika nyumba hii hakuna mwingine aliyeona mambo yote kwa macho yake, tangu marehemu alipozaliwa mpaka juzi Jumanne, na yale yaliyotokea kabla mimi sijazaliwa nayo niliyaona, maana niliyasikia kwa watu walioyaona, na mimi nikisikia kitu nakiona. Niliishia darasa la sita, kwa hiyo nikikwama mahali mnivumilie. Sijalia bado, msiniulize kwa nini, machozi yenyewe hayajaja, nasoma tu.

Marehemu Cleopa Yohana Kalfati alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, hapa hapa Lipingo, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Yohana Kalfati na mama Agata, ambao wote wametangulia, akafuatiwa na mdogo wake mmoja tu, Shangazi Tereza, yule mnayemwona pale mbele amejifunga kaniki, anayeniangalia kama ananidai samaki.

Hapa inabidi nisimame kwenye habari ya jina, kwa kuwa jina ndilo lililomsumbua marehemu kuliko ugonjwa. Zamani za biashara ya watu, kabla Mjerumani hajafika, alikuwepo Mwarabu mmoja ufukweni huku, aliyetoka Maskati akapitia Kilwa, na kazi yake ilikuwa kuziba nyufa za vyombo vilivyovusha mateka kutoka ng'ambo ya ziwa, anasokomeza pamba iliyolowekwa mafuta katikati ya mbao, kazi hiyo ndiyo kalafati, basi watu wakamwita kwa kazi yake, Kalfati, na jina alilopewa na mama yake halijulikani mpaka leo. Alikuwa mtu mrefu, na jino la dhahabu upande wa kushoto, jino hilo nimeliona, maana mzee Yohana alinionyesha kwa kidole mahali lilipokuwa, kwenye kinywa chake mwenyewe.

Wengi wenu mlidhani marehemu alikuwa na damu ya Kiarabu, na yeye ujanani alipenda mdhani hivyo, alikuwa akilaza nywele zake kwa mafuta mpaka nzi wanateleza. Ukweli ni kwamba yule Mwarabu hakuzaa huku. Alikuwa na kijana wa kumtwangia pamba, wa kununuliwa, na alikuwa na mwanamke wa kumpikia, wa kununuliwa vilevile, na mtu wa kununuliwa aliitwa kwa jina la mwenye mali, kama jembe linavyoitwa la fulani. Yule mwanamke alitoroka akapanda milimani, hakuna aliyejua alikoishia. Mwarabu alipokufa kwa homa, kijana alibaki ufukweni, wamisionari wakambatiza, wakamuuliza baba yako nani, naye baba yake hamjui, alitekwa akiwa mdogo, akajibu Kalfati. Huyo ndiye babu yake mzee Yohana, na hapo ndipo jina lilipoingia kwenye nyumba hii, na kwa miaka mingi halikutoka nje ya nyumba hii. Ukisimama soko la Mbinga ukaita Ndunguru, nusu ya soko inageuka, ukiita Kapinga inageuka ile nusu iliyobaki, ukiita Kalfati hata mbuzi hageuki.

Marehemu alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, ambako wenzake walimwita Mwarabu wa Usipa, kwa sababu mchana alikuwa anakula usipa, dagaa wa ziwa letu, kama watoto wote wa ziwani, akaendelea na sekondari hadi kidato cha nne mwaka 1976. Mwaka 1978 aliajiriwa kuwa karani wa mizani katika chama kimoja cha msingi cha kahawa kule Mbinga, kazi aliyoifanya hadi chama kilipofungwa mwaka 2003, ndipo akarudi ziwani kuvua. Miaka yote ile ya mizani, kila mkulima aliyeshusha gunia aliulizwa jina la baba, la babu na la upande wa mama, foleni ikawa ndefu mpaka watu wanapiga kelele, "Karani, unapima kahawa au unaposa?" naye anajibu, "Natafuta ndugu, shusha gunia." Hakumpata. Jioni akawa anasikiliza matangazo ya vifo redioni, redio yenyewe ilikuwa yangu, anangoja Kalfati afe mahali ili ajue kwamba alikuwepo.

Marehemu alifunga ndoa takatifu na dada yangu Eliza tarehe 22 Septemba 1984, nilikuwepo, nilikuwa mtoto lakini ndiye niliyeshika mnyororo wa kengele, na Mungu akawajalia watoto wawili, Jacqueline aliyezaliwa mwaka 1986 na Margareta aliyezaliwa mwaka 1989, wote wameolewa, wote wapo hapa na watoto wao, na watoto hao wanaitwa majina ya baba zao. Wageni mnaotoka mbali hamjui desturi ya nyumba hii, kwa hiyo naisema. Kabla jeneza halijatoka, mkeka unatandikwa upande wa miguu, na mwanamume mwenye jina la nyumba anakaa pale, anavishwa koti la marehemu, jina linaendelea. Kusipokuwa na mtu mkekani, mkeka unakunjwa, unaingia kaburini pamoja na mwenyewe, na hapo jina limezikwa, hakuna mtoto atakayepewa tena. Marehemu alikuwa haogopi kufa, hilo nathibitisha, alichoogopa ni ule mkeka kukunjwa.

Tarehe 2 Agosti 2019, marehemu alikuwa anamtumia Margareta fedha kwa simu, akakosea tarakimu moja, na kabla hajathibitisha simu ikamwonyesha jina la mwenye namba, HYASINTI KALFATI. Nilikuwa nimekaa naye upenuni, naparua samaki. Hakutuma. Aliiweka simu chini kwenye mchanga kama kitu cha moto, akaenda kunawa uso, akarudi akapiga.

"Haloo, wewe ni Kalfati?"

"Ndiyo, na kama wewe ni wale wa 'ile hela itume kwenye namba hii', nimeshawazoea, tafuta kazi."

"Mimi pia ni Kalfati."

"Acha uongo, mzee. Kalfati tuko sisi tu, hapa Kigonsera, basi."

"Hata sisi tuko sisi tu," marehemu akasema, akanisukumia simu, ikabidi mimi nimwambie yule kijana asikate.

Walibishana wiki mbili nani amfuate mwenzake, marehemu akisema yeye ni mkubwa, Hyasinti akisema mwenye shida ndiye anayesafiri, mwishowe wakakubaliana wakutane Kitai, isiwe kwa huyu wala kwa yule. Hayo ni makosa ya watu wa huku tu, maana kutoka ziwani kwenda Kitai unapita Kigonsera mlangoni kwa Hyasinti. Tulipanda basi Mbinga, Kigonsera akapanda kijana mmoja mwembamba mwenye shati la kanisani, akamwomba marehemu asogee, marehemu akamwambia, "Kijana, mimi nina safari nzito, kasimame," na akasimama kweli mpaka Kitai. Tukashuka wote. Marehemu akapiga simu, nayo ikalia kwenye mfuko wa shati la kanisani.

"Kumbe ni wewe uliyeninyima kiti," Hyasinti akasema.

"Ungesema jina lako ungekaa mapajani," marehemu akamjibu, na wakashikana mikono muda mrefu pale kwa wauza mahindi ya kuchoma, hawajui waanzie wapi.

Kwa Hyasinti wanasimulia kwamba bibi wa babu yao aliteremka kutoka kichaka kimoja kule milimani, mjamzito wa mwanamume wa Kimatengo aliyemhifadhi kisha akafa, akafika misheni ya Kigonsera bila ndugu hata mmoja, alipoulizwa yeye ni wa nani akasema ni wa Kalfati, na mapadre wakaliandika jina hilo kwa mtoto. Alikuwa anajua kupika wali kwa nazi, nazi zenyewe milimani hazipo, akawa anaeleza tu unavyopikwa. Marehemu aliposikia hivyo alijua ni yule mpishi. Kwa damu, basi, wale si ndugu, yule alikuwa mtwanga pamba, yule alikuwa mpishi, na jina ni la bwana aliyewanunua wote wawili. Tuliporudi tukafika Mbamba Bay, marehemu akasema, "Bartholomayo, waliamka kwenye nyumba moja, wakaogopa mtu mmoja." Akampigia Hyasinti simu akamwambia amwite baba mkubwa, na Hyasinti akamwita hivyo mpaka mwisho.

Shangazi Tereza hakukubali, na simsemi vibaya, nasema alivyosema. Alisema Kalfati wa milimani anayekata vichwa vya usipa kabla ya kula si Kalfati, ni mgeni mwenye bahati. Hyasinti akamjibu, "Shangazi, vichwa nakuachia wewe, unavihitaji," watu wakacheka, yeye hakucheka. Alisema mkeka ni wa damu, na kama si wa damu, basi labda marehemu mwenyewe amtamke mtu huyo kwa kinywa chake siku za mwisho, mbele ya shahidi, kinyume na hapo yeye Tereza ataukunja mkeka kwa mikono yake. Wazee wa nyumba walisema ana haki.

Marehemu alianza kuugua sukari mwaka 2021, mwaka jana ikashika figo, akalazwa hospitali ya wilaya mara kadhaa, na mwezi wa tano mwaka huu wa 2025 akaomba arudishwe nyumbani. Hyasinti aliacha kahawa yake ikiwa nyekundu mtini, msimu wenyewe huu mnaoujua, akaja akalala kwenye gunia sebuleni, akamwogesha, akamgeuza, akamkata kucha. Sisi wengine tulikuwa tunakuja kuuliza hali.

Jumanne tarehe 10 Juni, mchana, upepo wa mwera ulikuwa unapiga mabati, Eliza alikuwa jikoni anakoroga uji, Hyasinti yuko nje anapasua kuni, mimi peke yangu ndiye niliyekuwa ndani na mgonjwa. Alifungua macho, akaniangalia, akasema kwa sauti ambayo ungeisikia mlangoni, "Hyasinti akae mkekani, ni wangu." Kisha akalala, na Eliza alipoingia na uji hakuamka tena. Hayo ndiyo maneno niliyowapelekea wazee jioni ile, Shangazi Tereza akainama akasema sawa, na ndiyo sababu leo kijana yule wa Kigonsera amekaa pale, na koti la marehemu lililomzidi mabega.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya wilaya kwa uvumilivu wao, maana marehemu aliwauliza wote majina ya babu zao, inawashukuru majirani wa Lipingo waliochota maji na kuleta kuni, wavuvi waliolaza mitumbwi yao tangu juzi, makarani wenzake wa zamani waliotoka Mbinga kwa gharama zao, kwaya, Baba Padre, na jamaa wa Kigonsera waliofika na mahindi na maharage bila kuombwa. Tukimsahau mtu, kosa ni la mwandishi.

Shemeji Cleopa, umefika, hakuna wa kukuuliza jina tena, lala.

Nilitakiwa kuishia hapo. Lakini jeneza liko wazi, na mimi nimesimama karibu nalo kuliko nyinyi. Kila nilichosoma ni kweli, hata jino la dhahabu nitalitetea, isipokuwa kitu kimoja, yale maneno ya mwisho. Hakuyasema. Mimi ndiye niliyemuuliza, "Shemeji, Hyasinti akae mkekani?" na hakujibu, nikamuuliza tena kwa nguvu, nikidhani upepo kwenye mabati umemzuia kunisikia, ndipo nikaona kwamba namuuliza mtu ambaye hayupo. Jibu nilijitungia mwenyewe njiani kuelekea kwa wazee. Shangazi Tereza, nimekudanganya, sasa unajua, na mkeka ule pale, aliyeukalia ndiye aliyemwogesha. Kama utaukunja, njoo uukunje sasa kabla hatujafunga, mimi sitakuzuia. Nimemaliza kusoma.