Kondensa Niliyoifuta Namba

Kwa niaba ya familia, mimi mwanawe wa pili nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya baba yetu, na naomba mnivumilie, kwa kuwa karatasi aliyoniandikia dada yangu ni fupi kuliko nitakayoyasema.

Baba, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Sikio, alizaliwa tarehe 9 Mei 1947, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, akasoma hadi darasa la nane, na tarehe 3 Februari 1964 akaanza kujifunza umeme wa magari katika gereji ya mjomba wake, ambayo baadaye ikawa yake. Alifunga ndoa na mama tarehe 12 Agosti 1972, na siku hiyo, mama ndiye shahidi, baba aliwachelewesha wageni mlangoni akimweleza dereva wa maharusi kwamba kwa mlio tu anasikia plagi moja haichomi. Tulizaliwa watatu, dada yetu, mimi, na mdogo wetu wa kike.

Mwaka 2013 mwalimu mstaafu alimletea gari la mwaka 1958, akitaka alitumie kwenda kumwona dada yake. Lilihitaji kondensa, kile kikopo kidogo chenye waya kinachozuia pointi za distributa, zile zinazozipa plagi cheche, zisiungue, na baba akaniandikia namba ya kondensa hiyo, akaniambia nisikubali nyingine hata ikifanana. Nilizunguka maduka matano, na katika la sita muuzaji akasema zote ni zile zile, nami, kwa uvivu tu, nikachukua aliyonipa, nikaifuta namba kwa msasa, nikamkabidhi baba nikisema ndiyo yenyewe.

Tangu hapo pointi ziliungua kila baada ya wiki mbili, gari likamzimikia mwalimu katikati ya njia panda, wapita njia wakalisukuma, na baba, aliyebadilisha pointi mara nane bila kunishuku, akamwomba radhi mbele yetu, akasema mkono wake umezeeka. Tarehe 30 Juni 2014 aligawa vifaa vyake na kufunga gereji, na mimi, niliyejua kosa ni langu, nikamsaidia kubeba masanduku. Naona haya kuwaambia hivyo, na naona haya zaidi kwamba kwa miaka tisa nilimsikia akiwatania wageni kuwa siku hizi haaminiki hata na tochi, nikacheka pamoja nao.

Aliugua figo tangu Januari 2023, akalazwa tarehe 2 Aprili, akafariki tarehe 17, saa nne asubuhi. Nilikuwa kando ya kitanda, nimejiapiza kumwambia, nikaishia kumuuliza kama anataka maji.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotushika mkono, na ninyi mafundi wenzake mliosimama pale nyuma, ambao mlipokea vifaa vyake mkiamini ameshindwa kazi. Hakushindwa. Mwalimu, nawe uliyekaa mbele, mkono wa baba ulikuwa mzima, aliyeliharibu gari lako ni mimi.

Lala kwa amani, baba, nimechelewa kusema.